Maji Yaliyofungwa Ndani ya Jiwe

Swali lililoninyima usingizi karibu na Modogashe halikuhusu risasi, ingawa risasi zilikuwepo. Lilikuwa hili: je, maji niliyoyahesabu yanaweza kutekwa? Mashine ilisema ardhi imejaa maji. Oveni ilisema vivyo hivyo. Lakini kila nilipoufikicha udongo ule, kiganja changu kilibaki na vumbi jeupe tu. Mashine mbili dhidi ya kiganja kimoja, na kiganja chenyewe cha kijana ambaye hakuweza kufunga mlango bila kurudi kuhakikisha kwamba ameufunga.

Ninyi vijana mliobaki maabara mmeniomba niandike miaka yangu ya kazi kabla sijaisahau. Nimestaafu majuzi tu, sijapata hata nafasi ya kusahau, lakini nitaandika. Vyeo na mishahara nitaviruka. Vyeo vilikuja vilipotaka, na habari za mshahara kila mmoja wenu anazijua kwa huzuni yake mwenyewe. Nitakaa zaidi kwenye kazi ya kwanza, kwa sababu karibu kila nilichokifanya baadaye mbele ya miali ya nyutroni, hapa na ng'ambo, kilikuwa kujaribu kulijibu swali lile la Modogashe kwa mashine za bei ghali zaidi.

Niliajiriwa nikitoka chuoni, mtoto wa Taita mwenye shahada ya fizikia na suti moja. Siku ya kwanza walinipeleka karakana ya vyombo, Nairobi, kwa Bwana Fernandes, Mgoa mfupi aliyevaa miwani miwili kwa wakati mmoja, mmoja machoni na mwingine kwenye paji la uso.

"Unajua nini?" akaniuliza.

"Fizikia."

"Vizuri. Shika hii bisibisi."

Wiki nzima sikushika kitu kingine. Nilifungua kipima-unyevu na kukifunga mpaka nikaweza kukifungua nimefumba macho. Kilikuwa silinda ya chuma ya urefu wa mkono, na ndani yake kidonge cha radiamu na beriliamu kinachotoa nyutroni zenye kasi kubwa. Unatoboa ardhi kwa keekee, unasimika bomba la alumini kwenye tundu, kisha unakishusha kipima ndani ya bomba kwa waya. Nyutroni zinatoka na kugonga atomu za udongo. Zikigonga atomu nzito, kama zile za mchanga, zinaruka karibu kwa kasi yao ileile, kama gololi iliyogonga ukuta. Zikigonga hidrojeni, ambayo uzito wake ni karibu sawa na wa nyutroni yenyewe, ni gololi kwa gololi: kasi inapotea. Zilizopunguzwa mwendo zinarudi zikijikokota na kuhesabiwa. Hesabu kubwa ni hidrojeni nyingi. Na hidrojeni iliyo ardhini, kila mtu alisema, ni maji.

Hayo maneno "kila mtu alisema" yasomeni polepole.

Fernandes alinifundisha kwamba kila asubuhi, kabla ya kitu chochote, kipima kihesabiwe kikiwa ndani ya kifuniko chake cha nta. Nta ina hidrojeni ileile leo na kesho, kwa hiyo hesabu ikibadilika, mgonjwa ni mashine. "Usiiulize ardhi swali," alisema, "kabla hujaiuliza mashine imeamkaje." Mimi nilikuwa na maswali yangu mengine. Je, betri ikichoka? Je, jua likipasha moto waya? Je, mimi mwenyewe, ambaye mwili wangu umejaa maji, nikisimama karibu mno na bomba, mashine haitanihesabu mimi?

"Itakuhesabu," alisema Fernandes. "Kwa hiyo simama mbali, na chai yako pia." Halafu akashusha miwani ya pajini, akawa anayo yote miwili machoni. "Hilo shaka lako ni chombo kizuri, Mwakio. Kasoro yake ni moja, hujalipima. Linalia hata mahali pasipo na kitu."

Nililibeba neno hilo kwenda nalo Kaskazini-Mashariki, na lilinielemea kuliko masanduku.

Miaka ile upande ule ulikuwa vitani. Walikuwepo waliotaka eneo lao lijitenge na kuungana na Somalia, serikali ikakataa, na kati ya waliobeba bunduki pande zote mbili walibaki wafugaji wengi ambao hawakuwa wamebeba kitu isipokuwa vibuyu vya maziwa. Nilipotumwa, serikali ilikuwa imeanza kuwakusanya wafugaji hao katika vijiji vilivyozungushiwa boma la miiba, ili mashifta, yaani waasi wa porini, wasipate chakula wala habari. Mfugo uliokutwa nje ulichukuliwa au ulipigwa risasi. Mtu aliyekutwa nje bila ruhusa alihesabiwa kuwa shifta, na hesabu hiyo haikuwa na kifuniko cha nta cha kuipimia.

Dereva wangu alikuwa Musyoka, mtu wa Kitui, mpole, aliyeniita Bwana Digrii bila kucheka. Tulivuka Tana kwa Landrova ya idara tukaingia Garissa, tukangoja msafara wa magari ya jeshi kwa kuwa hakuna aliyeruhusiwa kwenda mbele peke yake. Kwenye kizuizi askari akafungua sanduku letu, akaona alama ya hatari, akauliza kama ni bomu. Nikaanza kumweleza tofauti iliyopo kati ya kidonge cha radiamu na bomu. Nadhani nilifika kwenye kiini cha atomu.

"Ni dawa ya kutafuta maji, afande," akasema Musyoka.

Tukapita.

Kijiji tulichopelekwa kilikuwa kando ya barabara ya Modogashe: uwanda mwekundu, boma la miiba, bendera, mahema ya askari, na nyumba za mikeka zimebanana kama mbuzi wakati wa mvua. Maji yaliletwa na lori kutoka mbali, pamoja na msafara. Msafara ukichelewa, na maji yalichelewa. Aliyekisimamia kijiji alikuwa D.O., yaani afisa wa tarafa, kijana aliyenitangulia mwaka mmoja chuoni. Pale chuoni alikuwa mnene, mwenye kelele. Nilipomkuta hapa shati lilimning'inia.

Alinieleza mambo bila kupamba. Alikuwa amepewa saruji ya kujengea kisima kimoja kifupi, cha kuchimbwa kwa mikono. Hakungekuwa na nyingine mwaka ule. Siku uchimbaji utakapoanza, lori lingeondolewa, kwa sababu kuna watu Buna, huko Wajir, wanaolingoja vilevile. Kwa hiyo nikionyesha mahali pasipo na maji, watu hawa wangebaki na shimo, na lori limeshaondoka.

"Naomba sana," akasema, "paonyeshe ndani ya boma."

Mahali pa kupima palikuwa pawili. Pa kwanza ni pale ndani, karibu na bendera, ambapo ardhi ilikuwa na mbonyeo kidogo. Pa pili ni ukingoni mwa lagga, ule mto wa msimu ambao muda mwingi ni mchanga mtupu. Lagga ilikuwa nje ya boma, mwendo mfupi ambao mtu angeumaliza kabla ya kumaliza hadithi, lakini ilikuwa nje.

Wa kuzungusha keekee nilipewa mzee Gedi, aliyekuwa mfanyabiashara wa ngamia, akiwapeleka Isiolo. Shemeji yake, Bi Dahabo, alikuja kutazama bila kuitwa. Mama huyu alikuwa ameuza maziwa mjini Garissa miaka mingi, na Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, chenye nguvu. Siku ya kwanza alinifundisha kumwita eedo, yaani shangazi, na yeye akaniita eedo pia, kwa kuwa kwao shangazi na mtoto wa ndugu yake huitana kwa jina moja. Ilinichukua muda kuacha kugeuka nyuma kutafuta shangazi mwingine.

"Waryaa," Gedi aliniuliza tulipokuwa tunasimika bomba la kwanza, "hii chuma yako inaona maji ama inanusa?"

"Inahesabu, mzee."

"Inahesabu nini, na maji haiko?"

"Wacha ihesabu," Dahabo akamwambia. "Wewe ulikuwa unahesabu ngamia ya watu njia yote mbaka Isiolo. Nani alikuuliza?"

Nikakishusha kipima. Kihesabio cha siku zile kilikuwa na taa ndogo za rangi ya chungwa zinazozunguka kwenye duara, na kasi ya kuzunguka ndiyo habari yenyewe. Pale karibu na bendera zilizunguka kama zimefukuzwa. Nikashusha zaidi, zikazunguka vilevile. Mpaka chini kabisa ya bomba, vilevile. D.O. alikuwa amesimama nyuma yangu, na nilimsikia akivuta pumzi.

"Hayo ni maji?"

"Ni hidrojeni nyingi sana."

"Mwakio, mimi nilisoma historia. Ni maji ama si maji?"

"Kwa kawaida ni maji."

Aliliacha lile "kwa kawaida" pale chini na kuondoka na lililobaki. Jioni ile kijiji kizima kilijua kwamba kisima kitakuwa karibu na bendera, na kina mama walikuwa tayari wamegawana zamu.

Kanuni ilisema hesabu ya mashine ihakikishwe kwa oveni. Unachukua udongo kutoka tundu lilelile, unaupima kwenye mizani, unaukausha kwa joto linalozidi kidogo lile la maji yanayochemka, unaupima tena. Uzito uliopotea ni maji. Oveni yetu ilikuwa kasha la bati juu ya jiko la mafuta ya taa, na Musyoka aliilinda kama mkate. Udongo ulipoteza uzito mwingi. Mashine na oveni zilikubaliana vizuri kuliko nilivyowahi kuona Nairobi.

Hapo ndipo usingizi uliponihama. Kwanza, udongo haukuwa na unyevu mkononi. Pili, ilikuwa ile hesabu iliyolingana toka juu mpaka chini. Maji hayakai ardhini namna ile. Huzidi hapa, hupungua pale, hufuata mizizi, huzama. Tatu, kwenye meno ya keekee kulikuwa na chembe ndefu nyeupe zilizometameta, ambazo Gedi alizipangusa kwa kidole gumba kila mara bila kuzisemea kitu. Kwa upande mwingine, nilijijua. Ningeweza kulitilia shaka hata jua. Nilijiambia: hili ndilo lile shaka lisilopimwa, linalia tu, watu wana kiu, na wewe unatafuta sababu ya kuogopa.

Nilichofanya kilikuwa kitu kidogo. Nilipima udongo mwingine wa pale karibu na bendera, nikautandaza kwenye mfuniko wa sufuria, nikauacha juani badala ya kuuweka ovenini. Kando yake nikaweka mchanga wa kutoka lagga, ambako tulikuwa tumesimika bomba la pili tukiwa na askari wa kutusindikiza. Kule taa zilizunguka kivivu karibu na uso wa ardhi, kisha zikaongeza mwendo kadiri nilivyoshuka. Hesabu ya chini kabisa ilikuwa bado ndogo kuliko ile ya kwenye bendera, na ndiyo maana D.O. hakuijali.

Adhuhuri mchanga wa lagga ulikuwa umepungua uzito waziwazi. Udongo wa kwenye bendera haukupungua. Nikaurudisha juani, nikaupima tena jua lilipoanza kupoa. Haukupungua. Kisha nikauingiza ovenini udongo huohuo, uliokwisha kukauka siku nzima kwenye jua la Garissa, na ukatoa maji.

Jasi. Ile chembe nyeupe ilikuwa jasi, na jasi ni jiwe ambalo maji ni sehemu ya maumbile yake. Yamepangwa ndani ya fuwele, safu kwa safu, wala hayatoki kwa kuchimbwa wala kukamuliwa. Yanatoka kwa moto tu. Mashine haikudanganya: hidrojeni ilikuwepo, ikaihesabu. Oveni nayo, kwa joto lake lile la kanuni, ililivunja jiwe na kuyatoa maji yake. Niliyemchukulia kuwa shahidi wa pili alikuwa shahidi yuleyule amebadili kanzu.

Hapa nitatoka kidogo njiani, kwa ajili yenu mnaokaa na majedwali ya mtawanyiko wa nyutroni. Mnajua kwamba kila atomu imeandikiwa namba mbili, na namba zenyewe ni kama ukubwa wa shabaha ambayo nyutroni inaiona mbele yake. Ya kwanza ni ya mtawanyiko wa pamoja, ambapo mawimbi kutoka atomu nyingi hukutana na kusaidiana au kuuana, na kutokana nayo tunajua atomu zimepangwaje na zimeachana umbali gani. Ya pili ni ya mtawanyiko wa mmoja mmoja, ambapo kila atomu inajibu kivyake bila kujali jirani. Nilipokuwa nafundisha nilizieleza kwa kengele za mbao wanazovishwa ngamia wa upande ule. Kundi likitembea mwendo mmoja, ukiwa na sikio zuri, mlio wote kwa jumla unakueleza kundi limejipangaje. Kengele moja peke yake haikwambii chochote juu ya kundi, lakini inakwambia kama ngamia huyo anatembea au amefungwa kigingini.

Hidrojeni ya kawaida ni ya kengele moja moja. Namba yake ya pili ni kubwa mno, inaimeza ile ya kwanza, na wengi wenu mnailaumu kwa sababu inawajazia picha ukungu. Ndiyo maana mnapotaka kuona mpangilio mnaweka hidrojeni nzito mahali pake. Mimi sikuilaumu kamwe. Nilitumia miaka yangu mingi kuusikiliza ukungu huo, kwenye saruji, udongo wa mfinyanzi, hata jasi yenyewe. Nyutroni iliyogonga hidrojeni inayotembea hurudi imeongezewa au kupunguziwa nguvu kidogo. Iliyogonga iliyofungwa hurudi karibu kama ilivyokwenda. Kwa mashine ya namna hiyo mngeyatenga maji ya kutekwa na maji ya jiwe kabla chai haijapoa. Pale kijijini nilikuwa na mfuniko wa sufuria.

Nilimwendea D.O. kwanza. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaketi kwenye kreti la risasi.

"Kwa hiyo ni kule nje."

"Ni kule nje."

"Wewe umeona askari nilio nao? Hawatoshi kulilinda hata hili boma. Kule laggani nitamweka nani? Na wale wakubwa wa usalama watauliza kwa nini kisima kimewekwa mahali ambapo shifta anaweza kuja kunywa. Watauliza ni nani alitoa ushauri huo, Mwakio, na nitalazimika kusema." Hakunitisha. Alikuwa anaeleza tu, na alionekana kuumwa na kichwa. "Una hakika?"

Ilikuwa mara ya kwanza mtu kuniuliza swali hilo na mimi nikawa na jibu. "Kwamba hapa hakuna maji ya kunywa, nina hakika. Kwamba kule yapo, nina hakika. Kwamba yatadumu kiangazi chote, sijui."

"Basi kawaambie wao kwanza. Mimi sina uso wa kuwaambia."

Nilidhani kazi ngumu ingekuwa D.O. Nilikosea. Kina mama walikuwa wamekaa mbele ya nyumba ya Dahabo, wanasuka kamba. Nikaeleza. Dahabo alitafsiri sentensi ya kwanza, na ya pili hakuitafsiri.

"Kule hapana," akasema. "Eedo, binti ya dada yangu alitoka nje kufuata mbuzi moja. Mbuzi ilirudi. Chimba hapa."

"Hapa hakuna maji, eedo."

"Chuma yako ilisema iko. Watu wote walisikia."

"Yapo, lakini yamefungwa ndani ya jiwe."

"Basi yafungue."

Nikaenda kuleta sufuria. Niliweka ndani yake konzi ya chembe nyeupe kutoka kwenye keekee, nikaitia motoni, nikaishikilia sahani ya baridi juu yake. Sahani ikatoka jasho. Chembe zilizokuwa ziking'aa zikawa unga mfu. Dahabo akachukua sahani, akapitisha kidole, akaonja. Akampa mwenzake, naye akaonja. Ilizunguka.

"Ni maji kweli," akasema.

"Ni maji. Debe zima la udongo na mzigo wa kuni, upate vikombe vichache."

Gedi, aliyekuwa amejilaza kivulini, akasema bila kufumbua macho, "Serikali ifungue hoteli hapo."

Hakuna aliyecheka, ila Dahabo mdomo ulimchezacheza. Nami, kama kawaida yangu, nilianza kuzihesabu njia zote ambazo jambo hili lingeweza kuharibika: kisima kikachimbwa nje na kina mama wakapigwa risasi, kikachimbwa ndani na watoto wakafa kwa kiu, kikachimbwa nje, kikakauka mwezi wa pili, nami nikaitwa shifta. Kila njia niliyoifuata ilikuwa na kaburi mwisho wake.

"Hii nyumba, nani amejenga?" Dahabo akaniuliza.

"Ni wewe."

"Ni mimi. Kwetu nyumba ni ya mwanamke. Miti ni yangu, mikeka ni yangu, mama yangu alinisukia nikiolewa. Wakati ya kuhama, mwanaume anaangalia ngamia, mimi ninafungua nyumba. Asubuhi nafungua, jioni nalala ndani yake mahali ingine." Akaelekeza mkono kwenye boma la miiba. "Serikali ilisema tukae ndani ya boma. Tumekaa. Haikusema boma ikae wabi."

Wenzake walisikia akiirudia kwa Kisomali, na mara ikawa kelele. Mmoja alikataa, mmoja alimkatalia aliyekataa, na Gedi akafumbua macho. Miiba ni ya kukata, wakasema, na kwenye lagga ndiyo mingi. Nyumba ni za kufungua. Shida ilikuwa moja.

"Zamani ngamia ilibeba," Dahabo akasema. "Sasa ngamia sina. Kuna kina mama hapa na mimba, kuna wagonjwa, miti ni nzito. Tukibeba na kichwa, kazi itaisha kesho kutwa, na usiku tutalala wabi, katikati?" Alikuwa anaitazama Landrova.

Ninyi mnaochukua gari la idara kwenda kununua mkate hamwezi kuelewa. Landrova ile ilikuwa ya kipima na waangalizi wake tu. Agizo nililokuwa nalo lilikataza kubeba wakazi wa eneo au mali zao, na lilikuwa agizo la wakati wa vita. Mtu angeweza kufukuzwa kazi, au kufanyiwa zaidi ya hapo. Nikamwambia nitafikiri.

"Fikiri," akasema. "Wewe unajua kufikiri. Sisi tutaanza kufungua."

Nikarudi kwa D.O. na maneno yake kuhusu boma. Alicheka kwa mara ya kwanza tangu nifike, kicheko kifupi, kama mtu aliyepaliwa. Akatembea mpaka langoni, akalitazama boma, akaitazama lagga, akarudi.

"Kesho nina mkutano Modogashe," akasema. "Nikirudi, kabla jua halijazama, nataka kukuta watu wote ndani ya boma na boma limefungwa. Sajenti atawasindikiza wakikata miiba. Lakini gari la kuwapa sina."

"Na langu?"

"La kwako sitaliona. Nitakuwa Modogashe."

Asubuhi nilisimama kando ya Landrova muda mrefu kuliko ilivyohitajika. D.O. alikuwa ameondoka na vumbi lake lilikuwa limeshatua. Ndani ya boma nyumba zilikuwa zinashuka moja baada ya nyingine, mikeka ikikunjwa, na uwanja ukazidi kuwa mpana mpaka nikaona jinsi bendera ilivyokuwa imesimama peke yake.

Musyoka alikuwa ameegemea mlango. "Bwana Digrii, unawaza nini tena?"

"Nawaza kama maji yale yatatosha."

"Hapa yanatosha?"

"Hapa hayapo."

Akaenda kutafuta spana, na hilo ndilo nililomshukuru zaidi.

Mnaotaka kujua kama maji yalipatikana: yalipatikana, machungu kidogo, nayo yalitosha. Lakini asubuhi ile hakuna aliyejua, na mimi nilikuwa na shahada, kiganja na mfuniko wa sufuria. Nilikitoa kipima garini kikiwa ndani ya kifuniko chake, nikakifungia kwenye stoo ya chuma ya D.O., nikampa sajenti ufunguo na kumwonya asikalie sanduku. Sikurudi kulikagua kufuli. Kisha Musyoka nami tukaving'oa viti vya nyuma.

Dahabo alikuwa wa kwanza, na miti yake imefungwa mafungu kwa kamba alizosuka mwenyewe. Akalizunguka gari, akaligonga ubavuni.

"Ngamia yangu ilikuwa inapiga magoti nikipakia. Hii yako?"

"Hii haipigi magoti, eedo."

"Haina adabu," akasema, akanipa mwisho mmoja wa fungu.

Tukapakia mpaka springi zikalia. Tukatoka langoni, askari wawili wakitembea mbele, kina mama nyuma, Gedi amebeba keekee begani kama bunduki mpaka sajenti alipomwambia aibebe namna nyingine. Laggani tuliteremsha miti ya Dahabo kando ya bomba la alumini. Yeye akapiga hatua chache huku na huko, akachagua mahali pa mlango, akaanza kuchimbia mti wa kwanza.

Safari ya pili tulipakia saruji.